Tanga, Arusha, Nairobi, Mombasa: bendi yetu ya kopi kwenye barabara ya akina Kinyonga

Wadau tumerudi salama na vyombo vyote. Picha ziko kwenye simu tatu tofauti, na noti nilikuwa naandika nyuma ya karatasi za mashairi ya nyimbo, kwa hiyo nimekaa na wenzangu tukaunganisha, na bei nyingine nimewauliza wao.

Kwa wasiotujua: sisi ni watu watano, tumekua pamoja Magomeni, tumesoma pamoja, na tunapiga zilipendwa. Hatuna wimbo wetu hata mmoja na hatujawahi kuona aibu kusema hivyo. Majina ya nyumbani hapa sitaji, kwenye bendi tunaitana kwa chombo: Solo, Ridhimu, Besi, Dramu, na mimi ninaimba. Safari yenyewe ilikuwa kufuata njia waliyopita Wilson na George Peter Kinyonga, ndugu wawili walioanzia Jamhuri Jazz pale Tanga miaka ya 60, wakahamia Arusha 1970, na mwaka uliofuata wakavuka kwenda Nairobi wakawa Simba Wanyika. Nyimbo zao ndo nusu ya tunachopiga. Tumezipiga miaka mingi bila kuiona ile barabara, na Besi ndo aliyesema mwaka huu twende kabla Ramadhani haijaingia.

Alhamisi 13 Februari, Dar – Tanga

Tumetoka stendi ya Magufuli saa moja asubuhi. Nauli 20,000 kila mtu, na vyombo tukalipia 15,000 juu baada ya kubembelezana na konda mpaka akachoka. Tulibeba magitaa matatu, tumba moja, ngoma ndogo ya dramu, matoazi na pedali yake. Spika na amplifaya hatukubeba, hizo unakodi unakofika.

Ushauri kwa wenye vyombo: gitaa usikubali liingie kwenye buti. Kata siti moja ya ziada, lala nayo hapo pembeni. Nauli ya siti ni ndogo kuliko shingo ya gitaa iliyovunjika, na joto la buti kuanzia Chalinze mpaka Segera linalegeza gundi.

Njiani Solo akaanza kusimulia jinsi tulivyoanza, maana kijana mmoja wa siti ya jirani aliuliza kama sisi ni ndugu. Ilikuwa 1994, tupo kidato cha pili. Gitaa la kwanza lilikuwa galoni la mafuta, ubao, na nyuzi za breki za baiskeli, Solo ndo alilitengeneza na bado analikumbuka kila msumari. Redio ilikuwa ya baba yake Ridhimu, tulikuwa tunasubiri RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam, wapige zile nyimbo za bendi, na kwa sababu huwezi kurudisha redio nyuma kila mmoja alipewa kipande chake cha kusikiliza, wewe shika besi, wewe shika gitaa la pili, wewe shika maneno, wimbo ukiisha tunakaa tunaunganisha kabla haijapotea kichwani. Ukikosa kipande chako unasubiri mpaka siku wimbo urudi, na inaweza kuwa wiki mbili. Mimi mpaka leo naamini ile ndo shule yetu ya muziki, na hakuna mtu angetufundisha kusikiliza vizuri kuliko ile redio.

Kutoka Segera mpaka Muheza ni mkonge na michungwa, tumeingia Kange saa saba na nusu. Bajaji mbili hadi Ngamiani 6,000 jumla. Chumba 25,000, safi, feni inafanya kazi.

Ijumaa 14 Februari, Tanga

Hii siku naiandika kwa urefu kwa sababu inastahili.

Asubuhi tumekunywa chai Ngamiani, chapati na maharage ya nazi, 2,500 mtu. Mama muuza chai aliona magitaa akauliza tunapiga wapi, tukamwambia, akasema "basi wanangu hamwezi kuondoka Tanga bila kumsalimia mzee fulani", akamtuma mjukuu wake atupeleke, barabara kama nne mbele. Hakutaka chochote.

Tukamkuta mzee amekaa barazani. Shikamoo mzee, marahaba wanangu, karibuni. Alipigia bendi moja ndogo ya mashamba ya mkonge enzi zile, siyo jina kubwa, lakini anazijua zile siku. Kasema wikiendi ya mshahara bendi zilikuwa zinafuata mashamba kwa sababu hela ilikuwa huko, na mjini ulikuwa ushindani wa bendi mbili, Jamhuri na Atomic, mtu ukiwa wa Atomic huendi kwa Jamhuri, familia moja inagawanyika. Na watoto waliokosa kiingilio walisimama nje ya ukuta wanasikiliza wimbo mpaka wanaushika, kesho yake wanaupiga mtaani.

Nikamuuliza hili la kopi, maana linanikaa sana moyoni. Kuna watu wanatuambia nyie hamna kitu, mnapiga za wenzenu. Mzee akasema na wao walianza hivyo hivyo, zile santuri za Kyuba zilizokuwa zinaingia pwani na baadaye za Kongo, walizishika neno kwa neno, Kihispania hakuna anayekijua lakini unaimba. Na kweli ukiangalia, Salum Abdallah wa Morogoro bendi yake aliiita Cuban Marimba. Ile rumba watu wanayoililia leo kwamba ni yetu ilipitia kwanza kwa watu waliokaa chini wakanakili kwa uaminifu, mpaka mkono wenyewe ukaanza kusema Kiswahili. Mimi nasema bendi ya kopi ikifanya kazi yake sawasawa inatunza mkono, maana santuri inatunza sauti tu, haikuonyeshi vidole vimekaaje.

Na hapo ndo mzee akamwomba Ridhimu gitaa. Akaweka kiganja cha kulia karibu na daraja, akazifunika nyuzi nusu, akapiga lile gitaa la kati la Wanyika kwa kidole gumba na cha shahada tu. Sauti ikawa kavu, fupi, inaacha nafasi kwa solo kupita juu. Ridhimu amepiga kile kipande miaka mingi kwa pleki. Alikaa miguuni kwa mzee karibu saa mbili, sisi wengine tukaenda kutafuta spika tukamwacha pale pale. Mke wa mzee aliporudi sokoni akatupikia samaki wa kupaka na wali, tukala wote kwenye sinia.

Usiku tukapiga baa moja maeneo ya Raskazone. Siku ya wapendanao, kiingilio 5,000, na mwenye baa alitupa asilimia 60 ya mlango. Kukodi spika, mikisa na amplifaya mbili 150,000. Watu wazima walijaa kuanzia saa nne, wamevaa nyekundu, na Ridhimu akaanza kutumia mkono wa mzee usiku ule ule. Dramu aliniangalia tu akatabasamu, akapunguza matoazi akabaki kwenye haihati peke yake, Besi naye akaanza kuacha mapengo, mimi mwenyewe nikajikuta naimba taratibu kuliko kawaida. Mama mmoja alikuja kutunza noti za elfu kumi kumi, kila mmoja wetu akapata yake, akasema mumewe marehemu alimtongozea wimbo ule. Baada ya kugawana kila mtu alibaki na 58,000 na tuzo zake.

Jumamosi 15 Februari, Tanga – Arusha

Basi saa kumi na mbili asubuhi, nauli 25,000. Korogwe tumeshuka dakika kumi, mayai na mihogo ya kukaanga. Milima ya Usambara, na baadaye ya Upare, iko mkono wa kulia, kaa upande huo.

Katikati ya Hedaru na Same mkanda wa injini ukakatika. Fundi alisema nusu saa, ikawa saa tatu na zaidi, jua la Upareni siyo la mchezo. Wengi walikaa chini ya basi. Kuna nyumba moja juu kidogo ya barabara, mama wa pale alituita sisi na akina mama wenye watoto, akatupa maji ya mtungi, halafu akaleta makande sufuria zima alilokuwa amepikia watu wake wa shamba. Tulijaribu kumlipa akakataa kabisa, akasema kama mna magitaa nipigieni Shakila. Sasa Shakila ni taarabu ya Tanga, Black Star, siyo vitu vyetu vya kila siku, lakini Solo mama yake alikuwa anazisikiliza kutwa, akaanza na sisi tukaingia nyuma yake. Yule mama aliimba beti zote. Abiria wakapanda wote kule juu, dereva mwenyewe akaja, fundi alipomaliza ilibidi apige honi mara tatu.

Kwa watakaopita: beba maji lita moja na nusu kila mtu na kitu cha kuziba kichwa, hasa Januari na Februari. Na usipange shughuli jioni ya siku unayosafiri. Sisi tulikuwa tumeiacha wazi, ndo ikatuokoa.

Karibu na Mwanga mlima Kilimanjaro ulijitokeza wote, hauna wingu. Arusha tumeingia saa kumi na mbili jioni. Chumba Kaloleni 30,000.

Jumapili 16 Februari, Arusha

Bonanza la mchana, saa tisa hadi saa tatu usiku, malipo ya moja kwa moja 500,000 na chakula. Nyama choma na ndizi, ilikuwa nyingi mpaka tukafungiwa.

Hapa akina Kinyonga walijiita Arusha Jazz, na William, ndugu yao wa tatu, akaungana nao. Hawakukaa sana. Niliuliza watu wa makamo pale kama wanakumbuka ukumbi gani, kila mmoja akaniambia lake, nikaona niache.

Kitu cha muhimu kwa bendi za kopi: kabla hujapiga muulize mwenye ukumbi kama amelipia leseni ya hakimiliki. Nyimbo zina wenyewe, wengine wamekufa lakini wana watoto, na kwa sheria ya hakimiliki kupiga hadharani kunahitaji kibali. Sisi tunauliza kila mahali, na tunatangaza jina la mtunzi kabla ya kila wimbo, jukwaani, kwa sauti. Wilson Peter Kinyonga. George Peter Kinyonga. Omar Shabani. John Ngereza. Hao wawili wa mwisho ni wa Les Wanyika, bendi iliyochipuka kutoka Simba Wanyika. Nadhani hicho ndo kitu cha chini kabisa mpiga kopi anachodaiwa.

Usiku hotelini tukaongea kuhusu 2003 mpaka 2012, kile kipindi bendi ilipokufa. Hakukuwa na ugomvi. Besi alipata kazi Mwanza, Dramu akaoa akahamia Kibaha, mimi nikawa na mambo yangu, simu zikapungua, mpaka tulipokutana kwenye msiba wa mwenzetu mmoja tuliyesoma naye, aliyekuwa anapiga tumba. Ile tumba tuliyoibeba ni yake. Mke wake alitupa siku ya arobaini akasema msiiache ikae na vumbi. Jumapili iliyofuata tulikuwa uani kwa Solo, tukaanza upya na wimbo ule ule wa kwanza wa 1994. Tumba inapigwa kwa zamu, yeyote ambaye wimbo huo hana kazi nyingi.

Jumatatu 17 Februari, Arusha – Namanga – Nairobi

Costa mpaka Namanga 10,000, kama kilomita 110, lami nzuri. Mpakani sasa kituo ni kimoja, unagongewa mhuri wa kutoka na wa kuingia kwenye jengo hilo hilo. Sisi wa Afrika Mashariki hatulipi viza. Beba pasi au hati ya dharura, na kadi ya homa ya manjano usiisahau.

Kazi ilikuwa vyombo. Forodha wanataka kujua kama unaenda kuviuza. Tulikuwa na risiti ya gitaa moja tu, mengine tuliyanunua mkononi Kariakoo miaka hiyo. Wakala mmoja kijana wa mpakani alituona tumekwama, akatuchukua ofisini kwake, akachapa orodha: aina, rangi, namba ya chombo, jina la mwenye nacho, na sentensi moja kwamba vinarudi. Nakala mbili. Akapeleka mwenyewe dirishani, ikagongwa mhuri, alikataa hata hela ya karatasi. Baba yake ni mpenzi wa Les Wanyika, alisema. Nyie wengine tengenezeni hiyo orodha nyumbani na mpige picha namba za vyombo, itawapunguzia saa mbili.

Shilingi moja ya Kenya tulibadilisha kwa kama 20 za kwetu. Matatu hadi Nairobi 700 za Kenya kila mtu na 500 za mizigo. Foleni kuanzia Kitengela, tumefika mjini giza limeshaingia.

Jumanne 18 na Jumatano 19 Februari, Nairobi

Tulilala karibu na River Road, chumba cha wawili 1,800. Usiku usitembee na gitaa begani peke yako pale, chukua teksi hata kama ni mita mia tatu.

Kwa nini walikuja huku ndo swali nililotoka nalo Dar. Jibu ni santuri. Bongo bendi zilirekodi RTD, wimbo unapigwa redioni nchi nzima, lakini sahani ya kuuza dukani ilitengenezwa Nairobi, na makampuni yalikuwa Nairobi, Polygram na wengine, na River Road yenyewe ilijaa maproduza wadogo. Hata Mbaraka Mwinshehe, yule mwimbaji na mpiga gitaa wa Morogoro, alikuja kurekodi huku. Mwanamuziki aliyetaka sahani yenye jina lake alipanda basi. Tumepita ile mitaa mchana wote. Sasa hivi ni maduka ya simu na mitumba, lakini spika za nje bado zinapiga muziki kwa nguvu kweli.

Jumatano tukaenda Soko la Kenyatta, kuna kibanda cha santuri za zamani, ukiingia unasahau saa. Nilipata sahani ndogo ya Simba Wanyika kwa 1,500, imekwaruzika ila inapigika. Muuzaji alituwekea nyingine saba nane bure tukisikiliza tumesimama, na Ridhimu akasikia kwa masikio yake kile kiganja cha mzee wa Tanga ndani ya sahani. Akamwomba arudie pale. Akarudia mara nne, jamaa hakuchoka.

Jioni tukaalikwa na bendi moja ya zilizopendwa kupanda jukwaani. Hatukuwa na kibali cha kazi kwa hiyo tulikataa malipo, tulipiga nyimbo tatu kama wageni tu. Wa mwisho ulikuwa Sina Makosa, ambao Omar Shabani aliutunga baada ya yeye na wenzake kutoka Simba Wanyika mwaka 1978 kuanzisha Les Wanyika. Nilikuwa na wasiwasi, huu wimbo Kenya kila mtu anaujua kuliko wewe unayeimba. Beti la pili sikuimba, ukumbi uliimba. Mpiga ridhimu wao, mzee wa miaka sabini hivi, alimfuata Ridhimu wetu akamuuliza "huo mkono umetoa wapi wewe?" Akamwambia Tanga. Mzee akatikisa kichwa, akasema "si ndio maana".

Tukarudi chumbani tunaongea habari ya kugawanyika kwa bendi. Simba Wanyika na Les Wanyika zote ziliendelea, na wasikilizaji tulipata mara mbili. Lakini George alikufa 1992, Wilson 1995, Omar 1998, Ngereza 1999, ndani ya miaka saba wote wameondoka. Dramu akasema ndo maana mimi nataka turekodi mikono yetu kwa video, siyo kwa ajili ya kupendwa, kwa ajili ya kijana atakayetaka kujua vidole vinakaaje. Tumekubaliana.

Alhamisi 20 Februari, Nairobi – Mombasa

Treni ya saa tisa alasiri, daraja la kawaida 1,500. Tiketi unakata kwa *639# na kulipa kwa M-Pesa, omba mwenyeji akukatie kama huna laini ya Kenya, na ni siku kadhaa kabla. Fika stesheni mapema, mizigo inawekwa chini mbwa wa ukaguzi wanapita, halafu mashine. Magitaa walituruhusu kuingia nayo ndani. Tsavo tuliona tembo, wekundu kwa vumbi.

Ijumaa 21 Februari, Mombasa

Mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai jioni. Siku ya kupumzika na swala ya Ijumaa. Mbaraka Mwinshehe alikufa kwa ajali ya gari huku Mombasa Januari 1979, ana miaka 34. Tulimpigia nyimbo mbili ufukweni bila umeme, sisi watano na wavuvi wachache waliosogea.

Jumamosi 22 Februari, Mombasa – Tanga

Feri ya Likoni kwa miguu ni bure. Matatu mpaka Lunga Lunga 500, mpaka ni mwepesi, ile orodha yenye mhuri tuliionyesha ikatupitisha dakika tano. Horohoro hadi Tanga 5,000.

Tulirudi kwa mzee moja kwa moja na vumbi letu. Ridhimu alimwekea kwenye simu ile video ya Nairobi, mzee akaangalia mkono tu, hakuangalia uso wa mtu, kisha akachukua gitaa akasema kidole cha shahada bado kizito, akaanza tena kumwonyesha. Ile sahani nimemwachia yeye, ana mashine ya kuipigia.

Jumapili 23 Februari, Tanga – Dar

Hakuna la kusimulia, tumelala basi zima.

Hesabu: kila mtu alitoa kama 520,000 safari nzima na tukarudishiwa karibu 190,000 kutoka Tanga na Arusha. Ramadhani mazoezi ni baada ya tarawehe, uani kwa Solo kama kawaida. Wiki ya pili baada ya Idi mzee anakuja Dar kukaa siku nne, nauli tumeshachanga, na Dramu ameazima kamera mbili, moja ya mkono wa kulia na moja ya mkono wa kushoto. Mwenye taa nzuri za kuazimisha anijulishe.